Jinsi ya kuandika ujumbe wa kazini ukasomwa na kujibiwa

Haupiti mwezi bila mgeni kazini kuniuliza mojawapo ya haya: "Nianzeje barua pepe kwa bosi?" "Mbona nimeandika vizuri na hakuna aliyejibu?" "Kiswahili rasmi lazima kiwe kigumu?" Nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake, kwa hiyo majibu yote nimeyaweka hapa. Mwongozo huu ni wa barua pepe, ujumbe wa kundi la kazi kwenye simu, matangazo ya ndani na maombi mafupi kwa wakubwa. Mikataba na ripoti za kurasa hamsini zina mambo yake, hazimo humu.

Kabla ya yote, mjue anayekusoma. Hajakaa akisubiri ujumbe wako. Yuko kwenye ngazi, au katikati ya kikao, na kioo cha simu yake hakizidi upana wa kiganja. Asipoona anachotakiwa kufanya kabla kidole chake hakijasukuma kioo, atasema "nitausoma baadaye". Baadaye hiyo unaijua mwenyewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jina la mtu mmoja atakayechukua hatua. "Idara" si mtu, na "wahusika" ndio kabisa.
- Ukweli wako mkononi: tarehe, kiasi, namba ya ankara, jina la faili. Ukianza kuandika kabla ya kuvitafuta utajikuta unaandika "yale malipo ya juzi".
- Faili la kuambatisha, ambalo umelifungua na kuhakikisha ni lenyewe, si rasimu ya wiki iliyopita.
- Simu yako, hata kama unaandika kwenye kompyuta. Utaihitaji mwishoni.
- Dakika kumi. Kama una hasira, usiku mmoja.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja ya siri

Ni ya siri kwa sababu hakuna atakayeiona ila wewe. Chukua karatasi ujibu: nani, afanye nini, kufikia lini? Kwa mfano: "Mhasibu alipe ankara 118 kufikia Alhamisi." Usiipambe.

Ikikushinda, acha kuandika. Ujumbe mwingi mbovu uliopita mikononi mwangu haukuharibiwa na lugha. Mwandishi alikuwa bado hajaamua anataka nini, akaanza kuandika akitumaini ataamua njiani.

Zipo taarifa ambazo haziombi kitu, kama vile "Mfumo wa mishahara utazimwa Jumamosi". Hata hapo jiulize: msomaji akishajua hilo, abadilishe nini? Labda awasilishe madai yake Ijumaa kabla ya kutoka kazini. Basi hilo ndilo la kuandika, na kuzimwa kwa mfumo kuwe sababu yake. Kama hakuna atakachobadilisha, hakuna haja ya kumtumia.

Hatua ya 2: Chagua njia

Jambo la haraka au lenye kuumiza, piga simu. Tangazo fupi la watu wote, kundi la WhatsApp. Chochote ambacho mtu atakitafuta baada ya miezi sita (fedha, makubaliano, tarehe, nani alikubali nini), barua pepe. Kinachohitaji saini na mhuri, barua rasmi.

Ukishapiga simu, fuatisha barua pepe ya mistari miwili: "Kama tulivyoongea leo, wewe utaleta orodha Jumatano, mimi nitaagiza Alhamisi." Mistari hiyo miwili imeniokoa mara nyingi kuliko barua zangu ndefu zote.

*Angalizo:* ujumbe wa sauti wa dakika nne haufai kwa kazi. Hauwezi kutafutwa kwa neno, hauwezi kusikilizwa kikaoni, na ile namba ya ankara uliyoitaja iko mahali fulani kati ya dakika ya pili na ya tatu.

Hatua ya 3: Kichwa kiseme tendo

"Habari" si kichwa cha barua pepe. "Muhimu" pia siyo, kwa sababu kila mtu huona lake ni muhimu. Weka tendo mwanzoni, maana simu hukata mkia wa kichwa kirefu:

Badala ya "Ripoti", andika: "Naomba maoni yako kwenye ripoti ya robo mwaka, kabla ya Jumatatu".

Badala ya "Ankara", andika: "Ankara 118: naomba ilipwe kabla ya Alhamisi".

Barua rasmi nayo ni hivyo hivyo. Ile YAH: (kifupi cha "yahusu") imewekwa ili ibebe habari. "YAH: OMBI LA LIKIZO" inamwambia mkuu wako nusu tu ya jambo. "YAH: OMBI LA LIKIZO YA SIKU 14 KUANZIA 4 MEI" inamwezesha kufungua kalenda kabla hata ya kusoma aya ya kwanza.

Mazungumzo yakihama, badilisha kichwa. Mjadala wa bajeti uliojificha chini ya kichwa cha "Sherehe ya kumuaga mwenzetu" hautaonekana tena milele.

Hatua ya 4: Salimu, kisha sema ombi papo hapo

Wapo watakaokushauri ufute salamu kabisa. Sikubaliani nao. Kuandikia mtu bila salamu ni kuingia chumbani bila hodi. Ila hodi hupigwa, mlango ukafunguliwa, mgeni akasema kilichomleta. Tatizo letu ni kubaki mlangoni.

Kwenye simu hali ni mbaya zaidi. Mtu anaandika "Habari" kisha anasubiri. Unajibu "Nzuri". "Samahani." "Bila samahani." "Nina shida kidogo." "Sema." Hapo zimepita dakika ishirini na bado hujui shida ni nini. Salamu na ombi viende kwenye ujumbe mmoja.

Huu hapa ujumbe wa aina tunayoipokea kila siku:

> Habari za asubuhi. Ni matumaini yangu kuwa u mzima wa afya na kazi zinaendelea vizuri. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kama utakavyokumbuka, katika kikao kilichopita lilizungumziwa suala zima la malipo ya mzabuni wa vifaa vya ofisi, ambapo ilionekana ni vyema zoezi la uhakiki wa vifaa hivyo likafanyika kwanza kabla ya malipo kufanyika. Zoezi hilo limeshakamilika, hivyo basi tunaomba hatua stahiki zichukuliwe mapema iwezekanavyo. Natanguliza shukrani zangu za dhati.

Na huu ni uleule, umeandikwa upya:

> Habari za asubuhi, Mhasibu.
>
> Naomba ulipe ankara 118 ya vifaa vya ofisi kabla ya Alhamisi tarehe 14, saa 6 mchana (12:00).
>
> Stoo walihesabu vifaa vyote jana na hakuna kilichopungua. Fomu yao ya mapokezi nimeiambatisha. Alhamisi ikipita kabla hatujalipa, mzabuni atasimamisha oda ya wino wa printa, na uliobaki hautafikisha siku ya kuchapa hati za mishahara.
>
> Kama kuna karatasi inayokosekana, nijulishe leo nikaifuate.
>
> Asante.

Tazama kilichobadilika. Wa kwanza hauna lugha mbovu hata kidogo, sarufi yake imenyooka. Lakini mhasibu akiusoma amesimama hajui ankara ipi, siku ipi, wala kama "hatua stahiki" ni yake au ya mtu mwingine. Wa pili unamwambia yote hayo kwenye mstari unaofuata salamu.

Halafu kuna ule wino. Watu huniuliza maandishi ya kazini "yanavutiaje", wakidhani nitawafundisha mzaha au methali ya kufungulia. Kinachomvuta msomaji ni kuona jambo lake mwenyewe ndani ya ujumbe wako. Hati za mishahara ni mzigo wa mhasibu, siku ile ikifika hazijachapwa ni mlango wake utakaogongwa. Ungekuwa unamwandikia mkuu wa stoo, ungetaja kingine. Kwa hiyo kabla ya kuandika sababu, uliza: huyu, akikosa hiki, ataumia wapi? Sababu moja ya kweli inatosha. Usimtishe kwa ya uongo. Ataijua, na mara ya pili hatakuamini.

Hatua ya 5: Maelezo yafuate, tena mafupi

Baada ya ombi ndipo historia inaruhusiwa, na ile tu inayomsaidia kuamua. Aya moja, wazo moja. Kama una maswali zaidi ya mawili, yape namba ili aweze kujibu "1 ndiyo, 2 hapana, 3 muulize stoo". Majedwali na hesabu ndefu peleka kwenye kiambatisho.

Hili si jambo la vijana wa simu. Tarehe 9 Agosti 1940, Uingereza ikiwa vitani, waziri mkuu wake, Winston Churchill, aliwaandikia mawaziri wenzake na watumishi wao waraka mfupi akiwaomba wafupishe ripoti: hoja kuu ziwe kwenye aya fupi fupi, takwimu na uchambuzi vihamie kwenye kiambatisho. Alikuwa na vita ya kuendesha na makaratasi yalikuwa yanamlemea. Bosi wako hana vita, ila makaratasi anayo.

*Angalizo:* usigeuze kila kitu kuwa orodha ya vidoti. Orodha inafaa kwa vitu vinavyohesabika. Sababu zinazotegemeana zikikatwa vidoti, uhusiano wake unapotea, na msomaji anabaki kuunganisha mwenyewe.

Hatua ya 6: Kagua kila saa, tarehe na kiasi

Hapa Kiswahili kina mtego wake. Saa yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, ya kompyuta huanza usiku wa manane. Niliwahi kuitisha kikao cha "saa 3". Wanne walifika asubuhi. Wa tano, ambaye huishi kwa kalenda ya simu yake, aliingiza 15:00 na kutokea alasiri na kompyuta kwapani, akakuta chumba kimefungwa. Takwimu zote za kikao alikuwa nazo yeye. Hakunilaumu, alinionyesha tu ujumbe wangu mwenyewe. Tangu siku ile naandika zote mbili: "saa 3 asubuhi (9:00)", "saa 9 alasiri (15:00)". Inachosha kidogo, lakini sijawahi tena kupoteza mtu.

Mitego mingine ya jamii hiyo:

"Kesho" husomwa kesho. Ujumbe ulioutuma usiku mtu akiufungua asubuhi, kesho yako imeshakuwa leo yake. Taja siku na tarehe.

"4/5" kwa walio wengi ni tarehe 4 Mei, ila kwa aliyezoea mtindo wa Marekani ni tarehe 5 Aprili. Andika jina la mwezi. Kwenye majina ya mafaili tumia 2026-05-04, yaani mwaka, mwezi, siku. Ndio mpangilio wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, na faida yake kubwa ni kwamba kompyuta inayapanga mafaili kwa mfuatano wa tarehe bila wewe kuhangaika.

"Hadi Ijumaa": Ijumaa yenyewe imo au haimo? "Ndani ya siku 3": kuanzia leo au kesho, na Jumapili inahesabiwa? Ukiweka siku na saa ya mwisho, ubishi umekwisha.

Na kiasi kitajwe na kipimo chake. Mwaka 1999 chombo cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa namba zake kwa kipimo cha nguvu cha pauni na iliyozipokea ikazisoma kama nyutoni, kipimo kingine cha nguvu. Wewe hurushi vyombo angani, lakini "tuletee karatasi 50" inaweza kuleta boksi 50 au rimu 50, na tofauti yake utaiona gari likiegeshwa mlangoni.

Hatua ya 7: Ondoa vumbi la ofisi

Kuna Kiswahili ambacho hakuna anayekizungumza, hata waandishi wake. Kinaishi kwenye barua tu. Pitia rasimu yako na penseli, ukikuta haya yafute:

- "kufanya uhakiki wa vifaa": kuhakiki vifaa
- "zoezi la usajili": usajili
- "suala zima la usafiri": usafiri
- "katika kuhakikisha kwamba tunapata": ili tupate
- "kwa ajili ya kuweza kukamilisha": kukamilisha
- "tajwa hapo juu": taja tena, hutapungukiwa wino
- "hatua stahiki": ipi? Iseme
- "mapema iwezekanavyo": tarehe

Kuwa mkali hasa na "kufanya". Kiswahili kina vitenzi vyenye nguvu: lipa, kagua, andika, peleka. Ukikigeuza kitenzi kuwa jina kisha ukamwekea "fanya" mbele, umemfunga farasi nyuma ya gari.

Jambo la pili ni sentensi zisizo na mtendaji. "Imeamuliwa kwamba posho zitachelewa." Nani ameamua? Msomaji ataanza kukisia, na makisio ya ofisini hayawi mazuri. "Mkurugenzi ameamua" au "Tumeamua" hupunguza maneno ya kwenye korido. Hata hivyo usiifute kauli ya kutendwa kila unapoiona. Kama hujui aliyevunja kufuli, "Kufuli la stoo limevunjwa" ndiyo sentensi sahihi. Na mwenzako akisahau faili, "Faili halikuambatishwa" ni ya kiungwana kuliko "Hukuambatisha faili", ingawa nyote wawili mnajua ni nani.

La tatu, "a-" yetu haibagui. "Meneja alimwambia mhasibu kwamba amekosea hesabu." Nani kakosea? Kwa mazungumzo utanyoosha kidole, kwa maandishi huna kidole. Rudia cheo: "Meneja alimwambia mhasibu kwamba hesabu za mhasibu zina kosa." Haipendezi sana masikioni, lakini hakuna atakayeitwa ofisini kwa bahati mbaya.

Vivyo hivyo na "ambao, ambazo, ambayo" tatu kwenye sentensi moja. Kata vipande. Nukta ni bure.

Kuhusu msamiati, shauri langu ni tofauti kidogo na la walimu wangu: andika neno ambalo wenzako hulitamka. Kama wote husema printa, andika printa. Ukiandika "tarakilishi" mahali ambapo kila mtu husema kompyuta, umewafanya watazame neno lako badala ya habari yako. Kamusi inayo nafasi yake, siyo kwenye tangazo la kubadilisha nywila.

Hatua ya 8: Pima adabu

Sema haya matatu kwa sauti: "Nitumie ripoti." "Naomba unitumie ripoti." "Unaombwa kutuma ripoti." La kwanza ni la mtu na rafiki yake. La tatu ni la ukuta: hakuna anayeomba, hakuna wa kumkatalia, na mpokeaji anajihisi kama namba. La katikati linafaa karibu kila mahali, kwa mkubwa na mdogo. "Naomba" na kitenzi kinachoishia na -e vinakutosha.

"Tafadhali" moja ni adabu. Zikifika tatu kwenye ujumbe mmoja zinaanza kusikika kama karipio. HERUFI KUBWA TUPU ni kelele, hata ukiweka ua mwishoni.

Cheo na heshima, fuata mnavyoitana ana kwa ana. Kama una kawaida ya kumwamkia mtu "shikamoo", hakuna ubaya kumwandikia hivyo akiwa peke yake. Kwenye kundi la watu thelathini wa kila umri, "Habari za asubuhi, wote" haimwachi mtu nje.

*Angalizo:* usiombe kwenye kundi kitu kinachomhusu mtu mmoja. "Naomba mmoja wenu anisaidie kufungua stoo" ni ombi ambalo kila mmoja ataliacha kwa mwenzake. Mtaje mtu.

Hatua ya 9: Kagua, kisha tuma

Jitumie mwenyewe kwanza, ufungue kwenye simu. Bila kusukuma kioo, unaliona ombi na tarehe? Kama hapana, rudi hatua ya 4.

Soma kwa sauti, ya chini inatosha. Ulimi utakwama pale pale ambapo msomaji atakwama. Kisha kagua majina: mtu husamehe kosa la sarufi upesi kuliko kosa la jina lake.

Mpangilio wangu wa kuandika barua pepe ni huu: naambatisha faili kwanza, naandika, na anwani ya mpokeaji naiweka mwisho kabisa. Kidole kikiteleza katikati, ujumbe hauna pa kwenda.

Nakala nazo zina uzito. Zamani nakala ilikuwa ile ya chini ya karatasi ya kaboni, iliyohifadhiwa kwenye faili. Siku hizi kumwekea nakala bosi wa mtu ni kama kumshitaki, hata kama hukukusudia. Weka nakala kwa anayehitaji kujua, na kama mpokeaji anaweza kushtuka, mwambie sababu: "Nimemwekea nakala meneja kwa kuwa ndiye atakayesaini."

Mambo yakikwama

*Hakuna aliyejibu.* Subiri hadi kabla kidogo ya tarehe uliyotoa, kisha jibu juu ya ujumbe wako uleule ili historia ionekane. Usiandike "Nakumbushia". Andika kitu kipya: "Nimepata fomu iliyokuwa inakosekana, sasa kinachobaki ni idhini yako." Ukinyamaziwa tena, piga simu. Ujumbe wa tatu ni ugomvi.

*Amejibu swali moja kati ya matatu.* Maswali yako yalikuwa yamejificha ndani ya aya. Mshukuru kwa alilojibu, yaweke mengine mawili na namba.

*Bosi amerudisha barua akisema "si rasmi".* Usibishane naye kuhusu mtindo. Chukua barua tatu za nyuma ambazo yeye mwenyewe amezisaini, uige kichwa, anwani, kumbukumbu namba na tamati yake. Hivyo ndivyo anavyoviona kuwa rasmi. Ndani ya aya endelea kuandika wazi, mara nyingi hata hatagundua.

*Ujumbe umefika kurasa mbili na kila neno lina kazi.* Basi si ujumbe, ni ripoti. Iweke kwenye faili, na kwenye barua pepe uandike mistari minne: unachoomba, lini, sababu kuu, na ukurasa gani aanze kusoma.

*Unapeleka habari mbaya.* Isiende aya ya tatu. Iweke juu, kwa sentensi fupi isiyo na mapambo: "Posho za mwezi huu zitachelewa kwa siku 5, zitaingia tarehe 10." Kisha sababu, kisha unachofanya, kisha nani wa kuulizwa. Watu hukasirika zaidi wakigundua wamesomeshwa shukrani kwa kujituma kwao ili tu wapigwe kofi mwishoni.

*Mtu ameudhika na hukukusudia.* Usimweleze kwa maandishi ulichomaanisha. Mfuate au umpigie.

*Umekosea na ujumbe umeshatoka.* Kwenye WhatsApp unaweza kuuhariri ndani ya dakika 15. Gmail inakuruhusu kuurudisha, ila kwa sekunde chache tu. Ingia kwenye mipangilio uongeze muda huo hadi sekunde 30, ambao ndio mwisho wake. Muda ukishapita, tuma sahihisho moja lenye kichwa kinachojieleza, "SAHIHISHO: kikao ni Jumatano, si Jumanne", na ndani yake urudie taarifa yote sahihi. Usitume kipande kilichobadilika peke yake, maana kuna atakayefungua hicho tu na hajawahi kuuona wa kwanza. Radhi iwe neno moja, "Samahani", na iwe mwishoni, baada ya tarehe.